Stima ikirudi, folda ya mtandao haijipachiki: wadau wa Linux, tatizo ni nini hasa?

#1 PichaUmoja
Wadau, habari za jioni. Nina studio ndogo ya picha hapa Umoja, Nairobi, kompyuta tatu, zote Linux. Ile kongwe iliyo chini ya meza ndiyo seva: ina diski mbili na folda /srv/picha ambayo nimeifungua kwa NFS, njia ya kushiriki folda kwenye mtandao. Hizo mbili nyingine, ya kuhariri na ya kaunta, zinaipachika kwenye /mnt/picha kupitia fstab, ile faili inayoorodhesha folda za kupachika. Mstari wenyewe ni huu:

`192.168.1.10:/srv/picha /mnt/picha nfs defaults,_netdev 0 0`

Siku ya kawaida mambo ni shwari. Taabu huja stima ikipotea na kurudi. Zote tatu zinawaka kwa mpigo, seva inasimama vizuri, lakini ya kaunta inabaki na folda tupu. Ya kuhariri mara inapata, mara haipati. Wakati wa kuwaka skrini inakaa ikihesabu sekunde mpaka dakika moja na nusu, halafu inaendelea tu. Nikiandika `sudo mount -a` kwa mkono, picha zinarudi hapo hapo.

Wiki hii stima imepotea mara 4. Kila mara namwacha mteja wa pasipoti kwenye stuli, taa zimemwakia usoni, naenda kuandika amri. Nataka folda zijipachike zenyewe. Nisaidieni.

#2 Kebo_ya_Bluu
Bosi, kabla hujagusa fstab jibu hili: kaunta iko kwenye kebo au waifai? Kama ni waifai, mwizi nimeshamjua. Kwenye baadhi ya kompyuta zenye NetworkManager, programu ya kusimamia mtandao, nywila ya waifai huhifadhiwa kwa mtumiaji, si kwa mfumo. Kwa hiyo mtandao haushiki mpaka mtu aingie kwa jina lake. Mfumo unapojaribu kupachika folda, hakuna hata aliyekaa kwenye kiti. Fungua mipangilio ya ule muunganisho, ruhusu watumiaji wote, andika nywila upya. Jambo hili lilinimalizia Jumamosi nzima.

#3 MzeeWaTerminali
Kebo_ya_Bluu amesema kweli ila amerukia. PichaUmoja mwenyewe katuambia ya kuhariri nayo mara haipati, na sidhani zote mbili ziko hewani.

Tazameni hiyo dakika moja na nusu. Ni sekunde 90, na sekunde 90 ndizo systemd, programu inayoamsha huduma zote Linux inapowaka, humngojea mtu kabla ya kumkatia tamaa. Amri ya kupachika NFS peke yake ingeendelea kujaribu kwa dakika 2, lakini systemd inaikata njiani. Na seva je? Ni mashine kongwe, diski mbili, imezimwa ghafla. Ikiwaka inakagua diski kwanza. Wenzake wanafika mlangoni, wanabisha, hakuna anayefungua, wanaondoka na hawarudi tena. fstab ya kawaida hubisha mara moja tu.

Badilisha mstari uwe hivi kwenye kompyuta zote mbili:

`192.168.1.10:/srv/picha /mnt/picha nfs noauto,x-systemd.automount,x-systemd.idle-timeout=600 0 0`

Kisha `sudo systemctl daemon-reload` na `sudo systemctl start mnt-picha.automount`. Sasa folda haipachikwi wakati wa kuwaka. Inapachikwa mtu anapoigusa, iwe amebofya au programu imefungua faili ndani yake. Ikikaa sekunde 600 bila kuguswa inajibandua. Seva ikichelewa hakuna neno, utakapobofya itakuwa imeshaamka.

#4 Roysambu_Root
Mzee, umeondoa `_netdev`. Bila hiyo mfumo utajaribu kupachika kabla mtandao haujaja!

#5 MzeeWaTerminali
Hapana. systemd ikiona aina ya mfumo wa faili ni nfs au cifs inajua yenyewe kwamba ni ya mtandao. `_netdev` inahitajika pale ambapo haiwezi kujua, kwa mfano diski ya iSCSI, iliyo kwenye mtandao lakini inaonekana kama diski ya kawaida. Kuiacha hakudhuru, kuiondoa hapa pia hakudhuru.

#6 Roysambu_Root
Sawa, nimekubali hiyo. Lakini bado nasema autofs, programu nyingine ya kupachika folda inapoguswa, ni bora kuliko huo mstari wa systemd. Kwangu nina mashine 11 na folda 6. Kwenye /etc/auto.master naandika mstari mmoja, ramani inakaa kwenye faili yake, na nikiongeza folda mpya siigusi fstab kabisa. Ukiweka nyota kwenye ramani, kila mtu anapachikiwa folda yake ya nyumbani akiingia, bila mimi kuandika jina lake. Jambo hilo systemd haina.

#7 MzeeWaTerminali
Kwa mashine 11 nakuunga mkono. Kwa mashine mbili na folda moja unamwongezea mtu huduma nyingine ya kuchunga.

#8 SevaKongwe
Nimesoma #3 na kuna jambo limerukwa. Sekunde 90 si za systemd peke yake. NFS toleo la 4 ina kipindi cha neema: seva ikianza upya, kwa kawaida inakaa sekunde 90 ikiwangoja wateja wa zamani waje kudai kufuli zao za faili kabla ya kumruhusu mtu mwingine kufungua kitu. Kwa hiyo hata seva ikiwa imeamka na inaitika, unaweza ukafungua picha ikaganda. Ukitazama saa utadhani ni ile ile ya systemd. Tumewahi kufukuza tisini moja kazini siku mbili, kumbe ni hii nyingine.

#9 MzeeWaTerminali
Kipindi hicho kipo, sibishi. Lakini hakizuii kupachika, kinazuia kufungua. Folda ingeonekana na majina ya faili yangekuwepo. Yeye anasema ni tupu.

#10 PichaUmoja
Asanteni. Majibu: kaunta iko kwenye waifai, ya kuhariri iko kwenye kebo. Na SevaKongwe, hilo la kuganda limenitokea mara mbili au tatu kwenye ya kuhariri. Majina ya picha nayaona, nikibofya moja inakaa kama dakika nzima. Nilidhani ni diski inachoka.

Ila sasa nina jambo zito kuliko hilo. Jumamosi kijana wangu alipokea kazi ya ruracio, sherehe ya mahari. Alinakili picha kutoka kadi ya kamera hadi /mnt/picha kupitia kompyuta ya kaunta, akaona zimefika, akaifuta kadi kwa sababu kulikuwa na kazi nyingine alasiri. Leo familia imepiga simu. Naingia kwenye seva, folda ya hiyo ruracio haipo. Naangalia kwenye kaunta, haipo. Nimetafuta diski zote mbili. Picha 412. Sherehe yenyewe haiwezi kurudiwa, wazee walitoka Nyeri. Kijana analia, na mimi sijui nitawaambia nini watu hawa.

#11 DadaNakala
PichaUmoja, acha kila kitu. Usifute, usiweke mfumo upya, usipige hata picha nyingine kwa kadi ile. Niambie jambo moja: Jumamosi asubuhi stima ilipotea?

#12 PichaUmoja
Ilipotea saa mbili asubuhi ikarudi saa tatu kasoro. Yeye alinakili kama saa nne.

#13 DadaNakala
Basi picha ziko, tena ziko hapo kaunta.

/mnt/picha kwenye kaunta ni folda ya kawaida ndani ya diski ya kaunta yenyewe. Seva ikipachikwa, ni kama umetandika mkeka juu ya sakafu: unachoona ni mkeka. Jumamosi mkeka haukutandikwa. Kijana aliweka picha sakafuni, akaziona zimekaa, na alikuwa na haki ya kuamini. Baadaye ukaandika `mount -a`, mkeka ukatandikwa juu yake. Hazikuondoka, zimefunikwa.

Usibandue kitu kama kuna kazi inaendelea. Fanya hivi kwenye kaunta:

`sudo mkdir /tazama`
`sudo mount --bind / /tazama`
`ls /tazama/mnt/picha`

Hiyo inakuonyesha diski ya kaunta pekee, bila mikeka iliyotandikwa juu. Tuambie.

#14 Kebo_ya_Bluu
Tunangoja hapa.

#15 PichaUmoja
Zipo.

Zote zipo. Nimehesabu kwa `ls | wc -l`, 412. Nimefungua ya kwanza na mikono ikitetemeka: shosho amejifunga leso begani, ameshika kibuyu kwa mikono miwili, mdomo wazi anaimba, na nyuma yake kuna mtoto amejificha kwenye sketi ya mtu. Nimemwita kijana aje aone. Chini yake kuna folda nyingine mbili za mwezi uliopita ambazo hata sikujua zimepotea, moja ni ya vitambulisho vya shule.

DadaNakala, Mungu akubariki. Nimenakili hadi seva na hadi diski ya nje, nimelinganisha kwa `diff -r`, zinalingana. Za sakafuni bado sijazigusa.

#16 DadaNakala
Vizuri kutozigusa. Baada ya familia kupokea kazi yao ndipo usafishe.

Sasa ziba shimo lisimeze kingine. Bandua /mnt/picha, hamisha yaliyo chini, hakikisha folda ni tupu, kisha:

`sudo chattr +i /mnt/picha`

Hapo sakafu imefungwa. Seva isipopachikwa, yeyote atakayejaribu kuandika, hata root mwenye mamlaka yote, atakataliwa na ataona kosa kwenye skrini. Kutandika mkeka juu yake bado kunawezekana. Inafanya kazi kwenye ext4, aina ya mfumo wa faili ambayo naamini ndiyo uliyo nayo. Mimi naliona hili ndilo la kwanza kabla ya hayo mengine yote mnayobishania. Folda isiyojipachika ni usumbufu tu. Ila ikijifanya imepachikwa, kazi za watu zinaishia humo.

#17 MzeeWaTerminali
Naunga mkono kwa moyo wote. Na hii ni sababu nyingine ya mstari wangu wa #3: ukitumia automount, mahali pale panashikiliwa na kerneli, kiini cha Linux, tangu kompyuta inapowaka. Seva isipopatikana, programu inapewa kosa. Haiangukii diski ya ndani. Lakini weka na hiyo chattr, maana siku mtu akiisimamisha automount sakafu inabaki wazi.

#18 KaraniWaRiverRoad
Pole kaka, na hongera kwa kuzipata. Nami niongeze. Tunachapisha kadi na vipeperushi, tuna kompyuta 5. Mimi niliweka `soft,intr,timeo=60` ili ikishindwa ndani ya sekunde 60 iachilie, isigandishe kila kitu. Zamani seva ikizima hata `df`, amri ya kuonyesha nafasi ya diski, inaganda, terminali haifungiki.

#19 SevaKongwe
KaraniWaRiverRoad, hapo kuna mambo matatu.

timeo huhesabiwa kwa sehemu za kumi za sekunde. 60 yako ni sekunde 6. Ukitaka sekunde 60 andika 600, na kwa TCP hiyo tayari ndiyo ya kawaida.

intr haifanyi kitu. Kerneli inaipuuza tangu 2.6.25. Siku hizi mchakato ulioganda kwenye NFS unaweza kuuawa kwa `kill -9` bila hiyo.

La tatu ndilo linaloniogopesha. soft maana yake seva ikichelewa, programu inaambiwa imeshindwa katikati ya kuandika. Programu nyingi hazikagui vizuri. Unabaki na faili nusu: kadi ya harusi inachapishwa ikiwa imekatika chini. Kwa folda ya kuandikwa acha hard, yaani programu ingoje mpaka seva irudi. Kwa folda ya kusoma tu, kama ya fonti au vielelezo, soft haina ubaya.

Na kwa `df`, tumia `df -l`, inasoma diski za ndani peke yake.

#20 KaraniWaRiverRoad
Hilo la kukatika chini limeshatokea, na tulimlaumu mtu wa mashine ya kuchapa. Naondoa soft leo. Asante.

#21 Mwalimu_wa_Maabara
Niulize swali la pembeni. Kwa nini hii NFS iling'ang'anie seva iliyokufa? Kwa nini isikubali tu kwamba haipo? Nafikiri waliotengeneza Linux walikosea hapo.

#22 SevaKongwe
Haikutoka kwa watu wa Linux, mwalimu. NFS ni ya Sun Microsystems, mwaka 1984, kabla Linux haijazaliwa. Na kung'ang'ania huko kulikusudiwa. Wazo lao lilikuwa seva isikumbuke chochote kuhusu wateja. Ikizimika na kuwaka tena, mteja arudie ombi lake lile lile, kazi iendelee kama vile hakuna kilichotokea. Kwa mtu anayeishi na stima inayopotea mara 4 kwa wiki, hilo ni jambo zuri: ukihariri picha, seva ikazima dakika 5 ikarudi, kompyuta yako yenye betri inangoja tu, halafu inaendelea pale pale.

Toleo la 3 la mwaka 1995 bado lilikuwa hivyo. Toleo la 4 ndilo lililoifanya seva ikumbuke nani ameshika faili gani, na kipindi cha neema nilichosema #8 kinatokana na hilo. Seva ikiamka imesahau, lazima iwape watu nafasi ya kuikumbusha.

#23 Roysambu_Root
Lakini SevaKongwe, toleo la 4.1 na kuendelea mteja humwambia seva "nimemaliza kudai". Seva ikijua wote wamemaliza, au hakukuwa na wa kudai, inafupisha. Si lazima zifike 90.

#24 SevaKongwe
Ni kweli. Lakini mteja aliyezimwa na stima ile ile naye anaweza kuwa bado anawaka, au amekwama kwenye waifai ya Kebo_ya_Bluu. Seva inamngoja huyo.

#25 Kebo_ya_Bluu
Hatimaye mmenirudia.

#26 BintiPwani
Nimefurahi kuona mnasema "kupachika". Kazini kwetu wote wanasema "kumaunti" na kila nikisikia nasikia mauti. Kupachika ndilo neno lenyewe, kama kupachika mpini kwenye jembe: jembe ni jembe na mpini ni mpini, lakini ukishapachika unalima.

#27 Kebo_ya_Bluu
Na kubandua je? Mpini haubanduliwi, unachomolewa.

#28 BintiPwani
Chomoa basi. Ila DadaNakala katuletea mkeka, na mkeka unakunjwa. Tuna maneno ya kutosha.

#29 Mwalimu_wa_Maabara
Turudi kwenye mada. PichaUmoja, hiyo 192.168.1.10 umeiwekaje? Kwenye seva yenyewe, au ruta ndiyo inayompa kila siku anwani hiyo hiyo?

#30 PichaUmoja
Nimeiandika kwenye seva yenyewe. Ruta ninayo, inagawa kuanzia .2 hadi .100. Wateja wanaongoja nawapa waifai hiyo hiyo.

#31 Mwalimu_wa_Maabara
Basi nami nina mshukiwa wangu. Stima ikipotea ruta nayo inazima. Ikirudi, ruta huamka mapema kuliko seva yako kongwe na kuanza kugawa anwani. Ruta nyingi za bei nafuu husahau zilimpa nani nini. Simu ya mteja inaomba, inapewa .10. Dakika mbili baadaye seva inaamka na kusema nayo ni .10. Sasa mna wawili wenye jina moja, na kompyuta ya kaunta inabisha kwenye simu ya mtu. Kwenye maabara yetu Kasarani nililipata hivyo hivyo, ila mwenye jina la pili alikuwa ni printa.

Ipeleke seva kwenye anwani iliyo nje ya mgawo, mfano .200, au mwambie ruta amtengee .10 kwa anwani ya MAC ya seva, yaani namba ya kadi yake ya mtandao. Hata mkimaliza hayo ya systemd, hili litabaki.

#32 MzeeWaTerminali
Hoja nzuri. Lakini kama ingekuwa simu, `mount -a` ya dakika chache baadaye nayo ingeshindwa. Yeye anasema inakubali papo hapo.

#33 Mwalimu_wa_Maabara
Mteja akishachukua picha zake za pasipoti anaondoka na simu yake, mzee.

#34 Fundi_Swichi
Kuna swichi katikati? Ya aina gani? Nauliza kwa sababu kwenye ofisi moja niliyofanya kazi, swichi ilikuwa ya mitumba, ile kubwa ya kupangwa kwa amri. Ina kinga ya mzunguko, STP. Kila mlango ukiwaka, sekunde 15 inasikiliza, 15 inajifunza, ndipo inapitisha data. Nusu dakika kompyuta inaona kebo imeshika, taa inawaka, na hakuna kinachopita. Tuliweka portfast, yaani mlango upitishe data bila kungoja, kwenye milango ya kompyuta, mambo yakaisha.

#35 PichaUmoja
Swichi ni ile ndogo ya milango 5, haina amri yoyote.

#36 Fundi_Swichi
Basi si hiyo.

#37 Upepo_wa_Kawangware
Kwa nini mnateseka na kupachika? Tumieni Syncthing. Kila kompyuta ina nakala yake, stima ipotee isipotee, zikikutana zinapatana. Hakuna sekunde 90, hakuna mkeka.

#38 DadaNakala
Kwa hati za ofisi nakubali. Kwa studio, kila mashine itahitaji diski ya kubeba kila picha. Na mtu akifuta upande mmoja, inafutwa pande zote, usipokuwa umewasha utunzaji wa matoleo. Watu wengi huiita nakala ya akiba, na siyo.

#39 Upepo_wa_Kawangware
Matoleo nimewasha mimi. Lakini hilo la ukubwa wa diski ni kweli.

#40 Kijana_wa_Githurai
sshfs je? Mimi sina hata haja ya kuandika exports, ile orodha ya seva ya nani anaruhusiwa; nikiwa na ssh tu, njia ya kuingia kompyuta ya mbali, nimepachika.

#41 Roysambu_Root
Kwa kutazama faili za mbali mara moja moja, safi. Kwa picha kubwa siku nzima itakuchosha, kila baiti inasimbwa na kusimbuliwa. Pia mwaka 2022 mradi ulitangazwa kuwa hauna msimamizi, kwa hiyo mimi siuwekei kazi ya kila siku.

#42 DadaNakala
PichaUmoja, umesema wateja wanatumia waifai hiyo hiyo. Naomba utuonyeshe /etc/exports.

#43 PichaUmoja
`/srv/picha 192.168.1.0/24(rw,sync,no_root_squash)`

Hiyo ya mwisho niliinakili mahali kwa sababu ilikuwa inanikatalia kuandika.

#44 DadaNakala
Nilihofia hilo. NFS ya namna hii haiulizi nywila, inaamini anwani. Mteja mwenye laptopu kwenye benchi lako anaweza kuipachika folda hiyo na kuwa root ndani yake. Picha za familia za watu zimo humo, na vitambulisho vya watoto wa shule. Toa `no_root_squash`, taja kompyuta zako mbili kwa anwani zao badala ya mtandao mzima, kisha `sudo exportfs -ra`. Kama ruta ina waifai ya wageni, wateja wahamie huko.

Kukataliwa kuandika kulitokana na namba za watumiaji. NFS ya kawaida hulinganisha namba, si majina. Andika `id` kwenye kila kompyuta. Nina hakika kaunta ni 1001 na kwingine ni 1000.

Ila `sync` iache. Kuna watu watakwambia weka async iende mbio. Hapo seva inasema "nimeandika" kabla haijaandika, na stima ikipotea katikati hicho ilichosema imeandika hakipo.

#45 KaraniWaRiverRoad
Na ukihariri faili hiyo angalia sana nafasi. Niliwahi kuacha nafasi moja kati ya anwani na mabano. Kompyuta zetu zikawa zinasoma tu, haziandiki, na dunia nzima iliyobaki ndiyo iliyopewa ruhusa ya kuandika. Siku mbili nilikuwa natazama mstari huo huo naona uko sawa.

#46 PichaUmoja
Kweli, 1001 na 1000. Nimerekebisha zote, namba nimezilinganisha, exports nimezitaja mbili tu. Seva sasa ni .200. Waifai ya kaunta nimeiruhusu kwa watumiaji wote. Mstari wa mzee umeingia, na chattr.

Familia imechukua picha zao leo. Mama mwenyewe alikaa kwenye stuli akazipitia moja moja.

#47 PichaUmoja
Matokeo. Jumatano stima ilipotea mara mbili. Mara ya kwanza, zote mbili zilifungua folda bila mimi kugusa chochote. Mara ya pili kijana alibofya mapema kwenye kaunta, akapata kosa, na hakuna kilichoandikwa kwenye diski ya ndani. Dakika moja baadaye akabofya tena, ikafunguka. `journalctl -b -u mnt-picha.mount` inasema "No route to host", yaani hakuna njia ya kuifikia seva.

#48 MzeeWaTerminali
Seva ilikuwa bado haijaamka. Ndivyo nilivyosema tangu #3.

#49 Kebo_ya_Bluu
Hapana mzee, ni waifai ya kaunta haijatulia. Ya kuhariri iliyo kwenye kebo haikulalamika.

#50 SevaKongwe
Ya kuhariri iliguswa saa ngapi? Kama iliguswa dakika tatu baadaye, haithibitishi kitu.

#51 Mwalimu_wa_Maabara
Mimi nataka kuona `ip neigh` ya kaunta, amri inayoonyesha MAC iliyoshika kila anwani, wakati huo huo wa kosa, na MAC ya seva pembeni. Isipokuwa ile ya seva, kuna mwenye .200 mwingine. Hakuna printa hapo dukani?

#52 PichaUmoja
Printa ipo, iko kwenye waifai. Sijawahi kuitazama anwani yake.

#53 Mwalimu_wa_Maabara
Itazame leo, tafadhali.

#54 PichaUmoja
Nilikuwa naielekea, na stima imepotea sasa hivi. Naandika kwa simu. Nimemwambia kijana asibofye, akae na saa mkononi, kila sekunde 15 aandike `ip neigh` na `ping` ya seva kwenye daftari. Ikirudi nawaletea daftari lote.